Je, Manjano na Habasoda Huponya Saratani ya Ini?

Ndugu Waislamu, baada ya sala ya Ijumaa hapa Mpitimbi kijana mmoja alitujia na swali zito. Baba yake amevimba tumbo, macho yamegeuka rangi, na hospitali imesema ni saratani ya ini. Jamaa wamemshauri aache hospitali, anywe manjano na habasoda tu. Je, afanye hivyo?

Kuwa mimea ina dawa hatuna shaka. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa hapana maradhi yasiyo na dawa, na habasoda ameisifu. Wataalamu nao wameichunguza: kurkumini iliyomo katika manjano, na thaimokwinoni iliyomo katika habasoda, zimeonekana kuua chembe hai za saratani ya ini katika vyombo vya maabara. Lakini chombo si mwili. Manjano yakinywewa, kurkumini iingiayo damuni ni kidogo mno. Wala haijathibitishwa kwa wagonjwa kuwa mojawapo huponya saratani hii. Tena huko Marekani na Italia wako waliomeza vidonge vya manjano yaliyokolezwa, wakaumia ini.

Basi tulimjibu: baba asiache hospitali, na kila anachokunywa daktari aambiwe. Kumwendea mjuzi hakupingani na kumtegemea Mungu.

Ama sisi tulio wazima, yatupasa kujikinga. Si kila kitokacho shambani ni salama. Sumukuvu nayo ni kitu cha asili, hutokana na ukungu uotao juu ya mahindi na karanga zenye unyevu. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini, na mwenye virusi vya homa ya ini B hatari yake huzidi mno. Kupika hakuiondoi yote.

Nasi watu wa Songea chakula chetu ni mahindi. Enyi wazazi, yaanikeni juu ya turubai, si juu ya udongo. Yatiwe ghalani yakiisha kukauka barabara. Punje zenye ukungu zitupwe, wala kuku wasipewe. Watoto wapelekwe kuchanjwa homa ya ini B, chanjo waliyoanza kupewa watoto wa Tanzania mwaka 2002. Nanyi vijana na watu wazima, kapimeni damu.

Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Wabillahi tawfiq.