Je, Wajua Uvimbe wa Wilms?

Mtoto wa miaka mitatu akifura tumbo upande mmoja huku Diani, pwani ya Kenya, jirani wa kwanza atasema ni bandama, wa pili atasema minyoo. Mara nyingi mmoja wao huwa amepata. Lakini mara chache kilichofura ni figo, na ndani yake mna seli zilizopaswa kumaliza kazi yake kabla mtoto hajazaliwa.

Figo la binadamu hukamilika kuundwa karibu na wiki ya 36 ya mimba. Katika uvimbe wa Wilms, ambao ni saratani ya figo yenye jina la daktari Mjerumani Max Wilms aliyeuandikia kitabu mwaka 1899, seli za uundaji hubaki changa na kuendelea kuzaana. Kipande chembamba cha uvimbe kikitiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, kwa kawaida huonyesha mafungu ya seli za buluu zilizobanana, vijimirija visivyokamilika, na tishu ya kuvishikilia, pengine hata nyuzi za misuli.

Taabu huja kipande kikiwa na seli za buluu peke yake. Hapo uvimbe huu hufanana mno na saratani ya Burkitt, ile aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala. Ndipo huletwa kingamwili: protini inayonata kwenye shabaha moja tu, na inaponata, kemikali hugeuka rangi ya kahawia. Kingamwili ya shabaha iitwayo WT1 ikipaka viini vya seli, ushahidi huelekea kwa Wilms. Ile ya shabaha iitwayo CD20 ikizunguka kingo za seli, huelekea kwa Burkitt. Jibu hilo ndilo huamua kama mtoto atapasuliwa, kwani Burkitt hutibiwa kwa dawa, ilhali Wilms huhitaji dawa na upasuaji pia.

Vinkristini, dawa itumikayo kwa saratani zote mbili, hutokana na lile ua la petali tano, jeupe au la waridi, linalomea mchangani pwani yetu. Kulitafuna si tiba, ni sumu.

Ulaya na Marekani hupona takriban watoto 9 kati ya 10 wenye uvimbe wa Wilms. Kenya, kati ya waliotibiwa 2008 hadi 2012, takriban nusu tu ndio waliopita salama miaka miwili tangu ugonjwa kugunduliwa. Wengi waliacha tiba njiani. Kwa hiyo, mzazi, ukigusa kitu kigumu tumboni mwa mwanao, usikikande wala usimpeleke kukandwa: uvimbe huu unaweza kupasuka na kusambaza seli. Mpeleke hospitali ya Msambweni siku hiyo hiyo, na uombe altrasaundi.