MVUA KATIKA STEMPU ZA POSTA
Habari kwa wakulima wa Kitui na Makueni

Mwezi wa Februari 2024 Posta ya Uingereza ilitoa stempu nane mpya, si za wafalme wala za maua, bali za kazi ya kutabiri hali ya hewa. Zilitolewa kuadhimisha miaka 170 tangu kuanzishwa kwa Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo, mwaka 1854. Mkulima wa Kitui au wa Makueni aweza kuuliza, tena ana haki ya kuuliza, stempu za Uingereza zinamhusu nini mtu ambaye ndengu zake zimekauka shambani. Zinamhusu, kwa kuwa elimu ile ile ndiyo inayomshauri leo apande mapema au angoje, na njia iliyopita elimu hiyo mpaka kufika Ukambani ni ndefu na haikunyoka.

Mkuu wa kwanza wa idara ile alikuwa baharia, Robert FitzRoy, yule yule aliyekuwa nahodha wa meli ya Beagle iliyomchukua Charles Darwin kuizunguka dunia. Mwezi wa Oktoba 1859 dhoruba kali iliivunja meli iitwayo Royal Charter katika pwani ya Wales, na watu wapatao 450 wakafa. FitzRoy alitambua kwamba dhoruba haizuki mahali pote kwa mara moja. Hupita huku kwanza kisha kule, na kama habari zake zikitangulia kwa simu ya waya, manahodha waweza kuonywa wakae bandarini. Basi akaweka watu katika bandari mbalimbali wampelekee kila asubuhi habari za upepo na za uzito wa hewa, naye akawarudishia maonyo. Tarehe 1 Agosti 1861 gazeti la The Times la London likachapisha utabiri wake wa kwanza kwa watu wote.

Alipopatia, watu walinyamaza, alipokosea, walimcheka. Mwaka 1865 alikufa kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amechoka mwili na moyo. Mwishoni mwa mwaka 1866 wakubwa wakayakomesha maonyo ya dhoruba kwa kuwa, walisema, hayakuwa na msingi wa elimu ya kutosha. Hapo ndipo waliokuwa wakiyategemea walipopaza sauti, na katika mwaka 1867 maonyo yakarudishwa. Nadhani sehemu hii ya habari zake inastahili stempu kuliko sura yake.

Nchi nyingine nazo zimeiheshimu kazi hii kwa njia ya posta. Mwaka 1962 Norway ilitoa stempu za Vilhelm Bjerknes, miaka 100 baada ya kuzaliwa kwake. Huyu alifundisha kwamba hewa hufuata kanuni zisizobadilika, kwa hiyo hali ya kesho yaweza kupigiwa hesabu kutokana na hali ya leo. Neno hilo laweza kumfurahisha karani yeyote, mpaka asikie ukubwa wa hesabu zenyewe: Mwingereza Lewis Fry Richardson alikisia mwaka 1922 kwamba wangetakiwa watu 64,000 wakikokotoa pamoja ili hesabu zisipitwe na hali ya hewa yenyewe. Kompyuta ndizo zilizokuja kuifanya kazi hiyo. Umoja wa Mataifa, kwa upande wake, ulitoa stempu mwaka 1957 zenye picha ya puto la kupima hewa ya juu, kwa heshima ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Mwaka 2001 Uingereza ilikuwa imetoa stempu nne ambazo zikiunganishwa hufanya uso wa baromita, chombo cha kupima uzito wa hewa. Stempu nzuri, lakini chombo hicho hakimfai sana mkulima wa Kitui. Katika nchi za baridi baromita ikishuka, dhoruba yaja. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta hupanda na kushuka mara mbili kila siku, karibu kwa saa zile zile, mvua iwepo isiwepo. Elimu ya FitzRoy haikuweza kuhamishwa hivi hivi kama mche wa mwembe. Ilibidi kuanza upya kwa kupima mvua ya hapa kwa miaka mingi.

Mwaka 1929 ilianzishwa idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Albert Walter, aliyekuwa amefanya kazi hiyo katika kisiwa cha Morisi. Idara kama hiyo haiwezi kuwa na watumishi kila mahali. Ilitegemea wamisionari, walimu, wakulima, watu wa reli na maofisi ya wilaya, ambao kila siku saa tatu asubuhi walikiendea chombo, wakapima maji yaliyomo, wakaandika. Mwisho wa mwezi hesabu ilipelekwa Nairobi kwa posta. Makindu, kando ya reli, ilikuwa miongoni mwa vituo hivyo, na mpaka leo ni kituo cha hali ya hewa. Kwa hesabu za namna hiyo tunajua kwamba Makindu hupata kiasi cha milimita 600 za mvua kwa mwaka, na kwamba katika Ukambani mvua ya nthwa, ya Oktoba mpaka Desemba, ni ya kutegemewa kuliko ile ya uua, ya Machi mpaka Mei. Wazee wa Kikamba walilijua jambo la pili bila karatasi yoyote.

Lakini kujua desturi ya mvua si kujua mvua ya mwaka huu. Mwaka 1961 ukame uliibana Ukambani hata chakula kikaletwa kwa ndege, na njaa ile ikaitwa Yua ya Ndeke. Kabla mwaka haujaisha mvua zikanyesha kwa nguvu isiyo ya kawaida, mito ikafurika, na Ziwa Victoria likaanza kupanda mpaka likazidi mita mbili katika miaka iliyofuata. Sababu haikufahamika vema hata mwaka 1999, wataalamu walipoeleza tabia ya Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua ya nthwa huwa nyingi, kama ilivyokuwa 1961, 1997 na 2019. Mambo yakigeuka, mawingu hubaki huko.

Kwa kuwa joto la bahari hubadilika polepole, utabiri wa msimu waweza kutolewa kabla ya kupanda. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana kuuandaa, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, iliyosimama peke yake mwaka 1977, huutangaza kwa kila sehemu ya nchi. Hausemi "mvua itanyesha" au "haitanyesha". Husema upande gani una uzito zaidi. Wengi huuchukia kwa sababu hiyo. Hata hivyo mtu anayepanda kavu mwezi wa Oktoba tayari anakisia, tena kwa mbegu zake mwenyewe. Akisikia kwamba uzito uko upande wa uchache, aweza kuongeza mtama, kunde na ndengu, na kuchagua mahindi ya Katumani yakomaayo upesi. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano mfululizo ilikuwa mibaya katika Pembe ya Afrika, na Ukambani haukusalimika.

Tena mvua haiui kwa kukosekana tu. Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi, basi lililokuwa na wanakwaya lilichukuliwa na maji ya mto Enziu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mto ukauka miezi mingi, kisha hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, ambayo mtu aliye kivukoni hakuiona.

Posta ya Kenya ikitaka siku moja kuchora jambo hili, ningependekeza kipimamvua: mtungi wa shaba wenye mdomo wa inchi tano, ndani ya ua wa shule ya Kitui, na mtoto aliyeinama kusoma kipimo. Inchi moja akiisoma hapo, ekari moja ya shamba la babake imepokea zaidi ya tani 100 za maji.