Mabingobingo yakidumaa, samadi pekee si tiba

WAKULIMA wengi wa Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira, hupanda mabingobingo kwenye kingo za matuta na pembezoni mwa mashamba ya chai na mahindi. Kwa kuwa ardhi imegawanywa vipande vidogo, nyasi hizo ni tegemeo kubwa la ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini. Zikidumaa, maziwa hupungua, na fedha za karo hupungua vilevile.

Dalili hujitokeza zaidi baada ya nyasi kukatwa. Shina lililougua huchipua majani mafupi, membamba na ya manjano, pamoja na machipukizi mengi yasiyorefuka. Aghalabu mkulima hudhani udongo umechoka, akaongeza samadi. Lakini udongo ukikosa rutuba, sehemu kubwa ya shamba hufifia kwa pamoja, ilhali ugonjwa huu huanza kwa mashina machache yaliyozungukwa na mengine yaliyonawiri.

Maradhi hayo yaligunduliwa magharibi mwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2004 watafiti walieleza kwamba chanzo chake ni fitoplazma, aina ya bakteria wasio na ukuta wa seli, waishio ndani ya mishipa ya mmea. Mwaka 2009, watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu, ICIPE, walimtambua msambazaji: mdudu mdogo arukaye, afyonzaye utomvu wa majani.

Hata hivyo, binadamu naye huyasambaza. Kipande cha shina kinachoombwa kwa jirani huweza kuonekana kizima kumbe kimebeba vijidudu. Kwa njia hiyo ugonjwa huvuka kilima kizima bila kusubiri mdudu.

Hakuna dawa ya kunyunyizia iponyayo shina lililokwisha kuambukizwa. La kufanya ni kuling'oa na mizizi yake, kuliteketeza, na kuchukua mbegu katika shamba lililokaguliwa baada ya nyasi kukatwa na kuchipua tena. Kung'oa mashina matano mapema ni nafuu kuliko kupanda shamba zima upya.

Ugonjwa huu usichanganywe na fugwe, ambao hujulikana kwa masuke yaliyojaa unga mweusi. Aina iitwayo Kakamega 1 hustahimili fugwe, lakini kustahimili ugonjwa mmoja si kinga dhidi ya mwingine. Kwa hiyo mkulima anapaswa kumweleza afisa wa kilimo ni dalili zipi hasa alizoziona kabla ya kuchagua mbegu.

Hasara haiishii zizini. Katika kilimo cha sukuma-vuta, mabingobingo yaliyozunguka mahindi huwavuta nondo wa viwavi watobozi wa mabua wakatage mayai huko, na viwavi wengi huangamia kwa utomvu wenye kunata. Ukingo ukidumaa, mahindi nayo hukosa mlinzi.