Kadi za heri kutoka Waa: Piga hesabu kabla ya kununua gundi

Msimu wa mitihani ya kitaifa unapokaribia, vibanda vya Ukunda na Kwale mjini hujaa kadi za kuwatakia heri watahiniwa. Kwa mkazi wa Waa mwenye mkono mwepesi wa kukata na kubandika, hapo pana biashara. Haihitaji mtaji mkubwa, na mtu anaweza kuianzia mezani kwake. Lakini ni biashara ya tarehe. Kadi ya Idd haiuziki siku mbili baada ya Idd, na pesa iliyoingia humo hukaa kabatini hadi mwaka ufuatao.

Mwandishi wa makala haya alifanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na kadi tano chini ya mto. Ya sita ilifika wiki moja baada ya karatasi ya mwisho. Ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote.

Anza basi na kalenda. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Sasa watahiniwa ni wa Gredi ya 6 (KPSEA), Gredi ya 9 ambao walifanya KJSEA kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, na kidato cha nne (KCSE). Tangu 2016, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku siku za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu, njia salama ya kumfikishia kadi mwanafunzi wa bweni ni kumpa mkononi kabla hajarudi shuleni. Hii ina maana kwamba kadi za mitihani ziwe tayari mapema Agosti. Anayeanza kukata karatasi Oktoba amechelewa.

Idd nayo husogea nyuma kwa siku 10 au 11 hivi kila mwaka, kwa hivyo usitegemee tarehe ya mwaka jana. Wageni wa Diani huwa wengi kati ya Desemba na Machi, kisha tena Julai hadi Septemba. Mvua za masika zinapoanza, hoteli hupungukiwa na wageni, na huo ndio wakati mzuri wa kutengeneza akiba.

Utengeneze kadi gani? Salamu za kawaida siku hizi hutumwa kwa simu, tena bure. Kushindana na WhatsApp ni kupoteza karatasi. Uza kitu ambacho simu haiwezi kukibeba: kadi yenye kipande cha kanga au kitenge, au ukanda mwembamba wa ukili uliosukwa hapa hapa kwetu. Mafundi wa cherehani hubaki na vipande vingi vya vitambaa, zungumza nao. Kwa wageni, acha ndani pasiandikwe kitu ili mnunuzi aandike mwenyewe, na mbele weka neno moja la Kiswahili pamoja na maana yake kwa Kiingereza. Kadi ni nyepesi, haivunjiki, na hulala vizuri kwenye sanduku la msafiri, jambo ambalo kinyago hakiwezi.

Usibandike gamba la kasa wala kitu chochote kilichotokana na kasa. Biashara hiyo ni kosa la jinai. Picha za kuokota mtandaoni pia ni mali ya watu, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inawalinda wenyewe. Ukichora mwenyewe, mchoro huo ni wako, na unaweza kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO).

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Karatasi moja ngumu ya A4 hukatwa katikati, na kila nusu hukunjwa kuwa kadi moja inayoingia kwenye bahasha ya ukubwa wa C6. Tuchukulie karatasi ni Sh20: hiyo ni Sh10 kwa kila kadi. Bahasha Sh10, kitambaa na gundi Sh10. Jumla Sh30. Mtu huona akiuza Sh100 amepata faida ya Sh70, akafurahi.

Lakini hajajilipa. Ikiwa siku nzima ya kazi anaihesabu kuwa Sh500 na anamaliza kadi 20, kila kadi imekula Sh25 za muda wake. Ongeza Sh5 za nauli na kadi zilizoharibika: sasa ni Sh60. Kisha duka la zawadi la Diani likikubali kuziweka na kutaka Sh40 katika kila Sh100, anabaki na Sh60 zile zile. Amefanya kazi na hakuna faida ya kukuza biashara. Kadi hiyo hiyo ikiuzwa Sh150 na duka likachukua theluthi, atapata Sh100, na Sh40 ni faida. Bei hizi ni za mfano tu. Weka zako, lakini usiufute mstari wa muda wako.

Maduka mengi yatataka mali kauli, yaani ulipwe kadi zikishauzwa. Si vibaya, mradi idadi na bei viandikwe kwenye daftari na pande zote mbili zitie sahihi. Kwa kadi za mwaliko wa harusi, chukua nusu ya malipo kabla ya kukata karatasi ya kwanza. Bwana harusi hubadili tarehe, na jina lililokwisha kuchapishwa halimfai mwingine.

Hewa yetu ya bahari ina unyevu. Karatasi hujikunja na gundi huota ukungu, kwa hivyo hifadhi kadi kwenye debe au ndoo yenye mfuniko unaobana. Usizitie kwenye vijaluba vyepesi vya plastiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017 ingalipo. Ukanda wa karatasi au uzi wa katani unatosha, na wageni huupenda zaidi.

Kuhusu mkopo, angalia muda wake kabla ya kuangalia kiasi. Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler Fund hulipwa ndani ya siku 14. Kadi iliyokatwa Juni na kuuzwa Agosti haiwezi kuulipa mkopo huo. Unaweza kukusaidia kununua bahasha za oda ambayo mteja tayari ameilipia nusu, basi. Kwa mtaji wa msimu, akiba ya chama ni bora, au Hazina ya Uwezo, ambayo huvikopesha vikundi vilivyosajiliwa bila riba na kuvipa muda kabla ya kuanza kulipa. Maombi hupitia eneo bunge, na kwa wakazi wa Waa ni Matuga. Kikundi chenyewe kinahitaji wanachama wasiopungua 10 kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Usajili hufanywa kwenye afisi ya maendeleo ya jamii.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre. Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti kila mwaka, na ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara. Ulizia kiwango chako kwenye afisi ya mapato kabla ya kukodi kibanda. Anayetaka kuuza ufuoni azungumze kwanza na vikundi vya wachuuzi waliosajiliwa hapo. Nenda na kadi tatu au nne za mfano, maana watataka kuona unachouza.