Gari la Mfano: Kipimo, Jicho na Jina

Citroën 2CV, gari lililoonyeshwa kwa umma mjini Paris mwaka 1948 na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 1990, lina urefu wa meta 3.83 na upana wa meta 1.48. Umbali kati ya ekseli yake ya mbele na ile ya nyuma ni meta 2.40. Mtu akigawa vipimo hivyo kwa 24 anapata gari lenye urefu wa sentimeta 16, upana wa sentimeta 6.2, na umbali wa sentimeta 10 kamili kati ya ekseli. Gari la namna hiyo hukaa juu ya kiganja. Huko Ulaya, Marekani na Japani wako watu wazima wengi wanaozitumia jioni zao kuliunda, kipande baada ya kipande, bila ya kulipwa chochote.

Makala haya yanakusudia kuieleza kazi hiyo. Si kwamba msomaji afundishwe ufundi wenyewe; ufundi hufundishwa mezani, kwa tupa na gundi. Lakini kazi hii inazusha swali linaloihusu lugha kama linavyoihusu mikono: kitu kikiitwa mfano wa kitu kingine, kimehifadhi nini hasa cha kile kingine, na kimeacha nini?

Tuanze na jina, maana hapo ndipo ugumu unapojitokeza mapema. Kiswahili kina njia mbili za kudogosha. Mtu anaweza kusema gari dogo, lakini katika Afrika Mashariki maneno hayo humaanisha gari halisi la abiria wachache, tofauti na basi au lori. Anaweza pia kukitumia kiambishi ki- na kusema kigari. Hapo msikilizaji atafikiria mkokoteni mdogo, au gari bovu ambalo msemaji analidharau. Kiswahili cha Katanga kina ka- na tu-, kamotokari na tumotokari, ambazo zina upendo zaidi kuliko dharau, lakini nazo hazisemi lolote juu ya kipimo. Udogo wa viambishi hivi ni udogo wa moyoni mwa msemaji. Udogo wa gari la mfano ni udogo wa hesabu: kila sehemu imepunguzwa kwa kadiri ile ile, na kadiri hiyo imetangazwa.

Neno la kuitaja kadiri hiyo nalo lina mtego wake. Kifaransa hutumia neno moja, échelle, kwa ngazi ya kupandia na kwa kipimo cha ramani. Mfasiri asiyeangalia huweza kuandika "ngazi ya 1 kwa 24", na msomaji wake akabaki anajiuliza ni nani anayepanda. Shule za Tanzania huzungumzia skeli ya ramani. Hapa tutasema uwiano, kwa kuwa neno hilo linabeba wazo lenyewe la vitu viwili vinavyolingana kwa hesabu. Na kwa kitu kizima tutasema gari la mfano, tukiepuka "mfano wa gari", ambao huweza kuwa gari lolote lililotajwa katika maelezo.

Wiano zinazotumika leo hazikuchaguliwa na mtu mmoja aliyekaa akafikiri. Nyingi ni urithi. Uwiano wa 1/43, unaopendwa sana na wakusanyaji wa magari ya metali, ulitoka kwenye reli. Waingereza walikuwa wakiunda treni za kuchezea ambazo futi moja ya treni halisi huwakilishwa na milimita 7. Futi ni milimita 304.8, igawe kwa 7, utapata 43 na ushei. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, katika miaka ya 1930, ilianza kuuza magari madogo ya kusimama kando ya vituo vya treni hizo, ndiyo yaliyokuja kuitwa Dinky Toys. Treni zikapungua, magari yakabaki na kipimo chao. Uwiano wa 1/24 nao ni nusu inchi kwa futi. Marekani walipenda 1/25, na kampuni ya AMT ya Michigan, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilitengeneza kwanza magari ya kutangazia biashara kwa wauzaji wa magari halisi. Kuanzia mwaka 1958 iliuza masanduku ya vipande ambayo mnunuzi aliweza kuyaunganisha kwa namna tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililobadilishwa kwa matakwa ya mwenyewe, au gari la mashindano.

Watengenezaji wa magari halisi walitambua mapema nguvu ya vitu hivi. André Citroën aliuza magari ya kuchezea yenye jina lake tangu miaka ya 1920, akijua kwamba mtoto wa leo ni mnunuzi wa kesho. Zaidi ya hapo ni kisa cha Fisher Body Craftsman's Guild, mashindano yaliyoendeshwa na tawi la General Motors kuanzia mwaka 1930 hadi 1968. Mwanzoni wavulana waliombwa kuunda nakala ndogo ya gari la farasi la Napoleon, kazi ya saa nyingi mno. Baadaye kila mmoja alibuni gari lake mwenyewe kwa uwiano wa 1/12, na washindi walilipiwa masomo ya chuo kikuu. Charles M. Jordan, aliyeshinda mwaka 1947, alipanda hadi kuwa mkuu wa ubunifu wa General Motors. Wasichana hawakuruhusiwa kushiriki. Ni vipaji vingapi vilivyopotea kwa sharti hilo, hakuna awezaye kuhesabu.

Turudi mezani, kwenye 2CV yetu. Sanduku likifunguliwa huonekana fremu za plastiki zenye vipande vingi: nusu za injini, milango, viti, ekseli, taa, na bodi yenyewe. Asiye fundi hukimbilia gundi. Fundi huanza na picha, kwani swali lake la kwanza ni: hii ni 2CV ya mwaka gani? Boneti ya magari ya kwanza ilikuwa na mikunjo mingi membamba kama bati la paa. Mwishoni mwa mwaka 1960 ikawekwa boneti yenye matuta machache mapana. Milango ya mbele ilikuwa ikifunguka kwa kuelekea nyuma, bawaba zikiwa katikati ya gari, hadi mwishoni mwa mwaka 1964; tangu hapo bawaba zilihamia mbele. Taa za mbele zilikuwa duara. Katika miaka ya 1970 baadhi ya magari yakapewa taa za pembe nne. Gari lenye rangi mbili liitwalo Charleston lilitoka mwaka 1980. Basi mtu akiweka boneti ya mikunjo membamba juu ya gari lenye bawaba za mlango mbele, kisha akalipaka rangi za Charleston, ameunda gari ambalo halikuwahi kutoka kiwandani. Kila kipande kinaweza kuwa sahihi kwa milimita, na kizima kikawa uongo. Mwanafunzi wa sarufi atalitambua kosa hili: maneno yote yamo katika kamusi, ila sentensi haisemwi na mtu yeyote.

Baada ya utafiti ndipo kazi ya mkono huja, nayo inaelezwa kwa haraka: kukata vipande, kuondoa mabaki kwa tupa na msasa, kujaribisha bila gundi, kuosha mafuta, kupaka rangi ya msingi, kusugua tena. Uvumilivu ndio unaohitajika zaidi hapa, na hasa wa kusubiri rangi ikauke. Magari mengi ya mfano yameharibiwa na kidole kilichotaka kuhakikisha.

Ugumu mkubwa ni kwamba si kila kitu hukubali kugawanywa kwa 24. Bati la gari lenye unene wa milimita 0.8 lingekuwa na unene wa milimita 0.03, ambao ni wembamba kuliko karatasi ya kuandikia. Plastiki haiwezi kufika huko ikabaki imara. Ukingo wa plastiki wenye unene wa milimita moja, ukikuzwa mara 24, unakuwa ukuta wa sentimeta 2.4, sawa na silaha ya kivita. Kwa hiyo fundi hukwangua kingo za madirisha na za matao ya magurudumu kwa upande wa ndani tu, mahali ambapo jicho hupima unene, na kuacha pengine pote jinsi palivyo. Uzito nao hufuata sheria kali zaidi: urefu ukigawanywa kwa 24, uzito hugawanywa kwa 24 mara tatu, yaani kwa 13,824. Gari la kilo 560 lingebaki na gramu 40 hivi. Ndiyo maana 2CV ya mfano haiyumbi juu ya springi zake kama 2CV halisi ilivyosifika kwa kuyumba kwenye kona. Fundi anayetaka kuonyesha ulaini huo hulazimika kuliinamisha kwa makusudi na kuligundisha hivyo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakipungui kabisa, nacho ni mwanga. Ufa unaozunguka mlango wa gari halisi huonekana mweusi kwa sababu mwanga unaingia ndani yake na haurudi. Katika gari la mfano ufa huo ni mfereji wa kina kidogo tu. Mwanga unafika chini na kutoka, na mlango hutoweka ndani ya bodi. Fundi hana budi kumimina rangi nyepesi ya kijivu au kahawia ndani ya mfereji, yaani kukichora kivuli ambacho maumbile yamekataa kukitoa. Rangi yenye chembe za metali ina tatizo la kinyume. Anayelitazama gari la 1/24 kwa umbali wa sentimeta 30 ni kama anayetazama gari halisi kwa umbali wa meta 7 hivi. Kwa umbali huo chembe za rangi huungana na kuwa mng'ao mmoja. Rangi ile ile ya kiwandani ikipulizwa juu ya gari la mfano, chembe zake zitaonekana kama punje za mchanga mnene. Aliyetumia rangi halisi kabisa ndiye aliyekosea, na aliyesaga rangi nyingine yenye chembe ndogo zaidi ndiye aliyeusogelea ukweli.

Vitu vidogo vya mwisho hutoka popote. Mikanda ya viti hukatwa kwenye karatasi ya metali inayofunika chupa za mvinyo. Matairi mapya, ambayo ni meusi kupita kiasi, husuguliwa kwa msasa yawe kijivu. Nyaya za plagi, na 2CV yenye silinda mbili inazo mbili tu, hutengenezwa kwa nyuzi za shaba zilizotolewa ndani ya waya wa umeme.

Waya huo unatufikisha nyumbani. Katika miji ya Katanga, kama ilivyo Zambia na Malawi, watoto wameunda motokari za waya kwa miaka mingi. Katika Kichewa hicho chombo huitwa galimoto, neno lile lile la gari halisi, bila ya kiambishi chochote cha kudogosha. Hakuna sanduku la vipande wala picha ya maelekezo. Waya hukunjwa kwa kufuata gari linalopita barabarani, magurudumu hukatwa kwenye makopo au kwenye soli za viatu vya mpira. Ukipima hutapata uwiano mmoja: boneti ina wake, magurudumu yana wake. Bodi haina ukuta wala rangi. Ni mistari tu, na upepo unapita katikati.

Lakini motokari hiyo inageuka. Kutoka ekseli ya mbele hupanda waya mrefu hadi kifuani pa mtoto, na juu yake kuna usukani. Mtoto akizungusha kulia, magurudumu yanaelekea kulia. 2CV ya plastiki, pamoja na kivuli chake kilichochorwa na nyaya zake mbili za plagi, aghalabu husimama kabatini na usukani wake haushikiki hata kwa ncha ya kidole. Fundi wa sanduku amehifadhi sura, akaacha mwendo. Mtoto amehifadhi mwendo, akaacha sura. Na ule usukani wa waya, tofauti na sehemu nyingine zote, haukupunguzwa kwa uwiano wowote wa gari: umekunjwa kwa kipimo cha mikono miwili ya yule atakayeushika, akikimbia nyuma yake.