Mtoto Safarini si Mzigo

Kila mwaka ifikapo Desemba, shule zinapofungwa na kazi za ofisi zinapopungua, barabara zetu kuu hujaa familia zinazosafiri. Wako waendao kuwaona wazee, wako waendao arusini, na wako watakao tu watoto wao waione nchi yao. Jambo hili ni jema nasi tunaliunga mkono, kwani mtoto anayekulia mjini pasipo kuuona mlima wala mto huijua nchi yake nusu. Lakini leo tunapenda kuzungumza na wazazi juu ya jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa wakati mizigo inapofungwa. Mtoto mdogo si mzigo mmojawapo. Ni amana, na safari nzima yafaa ipimwe kwa kipimo chake yeye.

Hatusemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Desturi njema ya kujikosoa inatutaka tuanze na makosa yetu wenyewe.

Mwezi wa Desemba 2022 tulitoka Dar es Salaam kwenda Iringa, safari ya karibu kilomita 500, pamoja na mama watoto na kitinda mimba wetu aliyekuwa na umri wa miaka minne. Tuliondoka alfajiri, nasi tulikuwa tumeazimia kufika kabla ya jua kuchwa. Azma hiyo ndiyo iliyokuwa bwana wa safari. Mtoto alipoomba kushuka Chalinze, tulimwambia asubiri Morogoro. Alipoiona milima ya Uluguru imejifunika mawingu, akauliza ni nani wanaoishi kule juu, tulimjibu kwa neno moja huku tukitazama saa. Tulipoiacha Morogoro alikuwa amechoka, akaanza kulia, na mama yake akampakata kwenye kiti cha mbele ili anyamaze. Hapakuwa na mkanda uliomshika. Tuliamini kwamba mikono ya mama inatosha.

Tukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu iendayo Zambia inaipasua kwa kiasi cha kilomita 50. Vibao vya kuwaonya madereva vimesimamishwa kando ya njia, navyo hutaja hata faini ya mnyama atakayegongwa. Tulivisoma, tukavipita. Mara twiga akajitokeza upande wa kushoto, akavuka kwa maringo kama mwenye barabara yake. Tulikanyaga breki kwa nguvu zote. Twiga alisalimika na gari likasalimika, lakini mtoto alimponyoka mama yake akajigonga paji la uso mbele ya gari.

Tunamshukuru Mungu kwamba lilikuwa ni nundu tu, lenye ukubwa wa ndimu. Katika zahanati tuliyompeleka, muuguzi alimpima kwa makini, akamtazama machoni, akamwuliza jina lake, akaridhika. Kisha akatugeukia sisi na kutuuliza swali moja: mkanda wa mtoto ulikuwa wapi? Jibu hatukuwa nalo. Tulilala Mikumi usiku ule, na swali hilo tulilala nalo.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, aliyemo ndani bila ya mkanda huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule. Pigo analolipata ni sawa na la mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi, yaani juu ya jengo la ghorofa tatu. Kwa mwendo wa kilomita 80, kimo hicho hufika mita 25. Hakuna mama, hata awe na mapenzi ya namna gani, awezaye kumdaka mtoto anayeanguka kutoka huko. Wala hili si jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani ziliua watu kiasi cha milioni 1.19 ulimwenguni katika mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kuanzia umri wa miaka 5 hadi 29.

Siku ya pili tulisafiri kwa namna nyingine. Mtoto tulimweka nyuma tukamfunga mkanda. Mkanda wa mtu mzima humpita mtoto shingoni na kwa hiyo haumfai sawasawa, lakini ndio tuliokuwa nao. Kiti chake maalumu tulikinunua tuliporudi nyumbani, wakati ilipasa tukinunue kabla ya kuondoka. Saa tuliitia mfukoni.

Hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza. Katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, penye mibuyu mingi, mtoto aliuliza ni nani aliyeipindua miti ile mizizi ikawa juu. Tulisimama. Aliuzunguka mbuyu mmoja, akaugusa, akaona kwamba mikono ya watu watatu haiwezi kuukumbatia. Ruaha Mbuyuni alichagua mwenyewe fungu la vitunguu. Katika mlima wa Kitonga tulipanda nyuma ya malori, taratibu, bila ya kujaribu kuyapita kwenye kona, naye akawa anayahesabu kwa sauti. Tulifika Iringa alasiri, na hapana aliyelia.

Kesho yake tulikwenda Kalenga, makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, ambaye jeshi lake liliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Tulimweleza mtoto kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa, kwamba kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, na kwamba fuvu lilirudishwa mwaka 1954. Mtoto alifikiri, kisha akauliza: "Kwani hawakujua kwamba ni cha mwenyewe?" Maneno mengi tumeyasoma juu ya ukoloni, lakini swali hili limetukaa moyoni. Na tuliona haya kukumbuka kwamba kichwa kilichofikiri swali hilo ndicho tulichokaribia kukivunja siku mbili kabla, kwa ajili ya kuwahi tu.

Tunajua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawana magari, nao husafiri kwa basi. Mtoto hupakatwa kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho ili nauli ya kiti kimoja iokolewe. Hatuwalaumu, maana hali za watu twazijua. Lakini kwa anayeweza, nauli ya mtoto na iingizwe katika bajeti ya safari kabla ya nguo mpya na zawadi, ili akae kitini pake na kufungwa mkanda. Na dereva anayekimbiza basi asiachiwe kwa kuonewa haya. Abiria hamsini wakisema kwa pamoja "punguza mwendo", atasikia. Na asiposikia, askari wa usalama barabarani wapo.

Kwa wenye magari, tunasema haya. Mtoto akae nyuma, katika kiti cha kimo chake. Gari lisimame kila baada ya saa mbili, hata kama yeye hakuomba, ili anyooshe miguu, anywe maji na kujisaidia. Asiachwe kamwe peke yake katika gari lililofungwa juani, hata kwa dakika chache, kwani joto la ndani hupanda upesi na laweza kumwua. Safari ndefu igawanywe kwa siku mbili ikiwezekana. Na maswali yake yajibiwe.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wazee wanaotungoja huko nyumbani hawahesabu saa tulizotumia njiani. Wao huja mlangoni wakahesabu vichwa, nasi tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba hesabu yao inatimia.