Lugha ya Kufundishia na Usawa wa Rangi Nchini Afrika Kusini: Mafanikio na Changamoto

Utangulizi

Sheria ya mwaka 1950 iliyowasajili wakazi wa Afrika Kusini kwa rangi zao ilifutwa mwaka 1991. Miaka mitatu baadaye, raia wa rangi zote walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza. Tangu hapo, mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa sababu ya rangi yake. Anaweza, hata hivyo, kukwama kwa sababu ya lugha yake. Makala haya yanaeleza uhusiano huo. Hoja ya msingi ni kwamba usawa wa rangi katika elimu umepatikana zaidi kwa kuwafungulia watoto Weusi njia ya Kiingereza kuliko kwa kuzipa lugha zao nguvu, na kwamba hapo ndipo mapambano yalipo sasa.

Usuli

Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 iliweka shule za Waafrika chini ya serikali iliyokusudia kuwaandaa kwa kazi duni. Chini ya mfumo huo, lugha za Kiafrika zilitumika kufundishia kwa miaka minane ya mwanzo. Kimsingi, kumfundisha mtoto kwa lugha anayoielewa ni jambo jema. Lakini pale lilikuwa sehemu ya mpango wa kutenga, na kwa sababu hiyo wazazi wengi walianza kuiona lugha mama kuwa chombo cha kuwadumaza watoto wao.

Agizo la mwaka 1974 lililotaka baadhi ya masomo, ikiwemo hisabati, yafundishwe kwa Kiafrikana ndilo lililochochea maandamano ya wanafunzi wa Soweto tarehe 16 Juni 1976. Vijana wengi walikimbilia uhamishoni. Baadhi yao walisoma Mazimbu, Morogoro, katika chuo cha chama cha ANC kilichopewa jina la Solomon Mahlangu. Huko nako lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Kwa hiyo, katika fikra za wapigania uhuru wengi, Kiingereza kilisimama upande wa ukombozi ilhali Kiafrikana kilisimama upande wa dhuluma. Lugha za walio wengi hazikupewa nafasi ya wazi katika mgawanyo huo.

Mafanikio

Katiba ya mwaka 1996 ilitambua lugha rasmi 11, na mwaka 2023 Lugha ya Alama ikawa ya 12. Kifungu cha 29 kinampa kila mtu haki ya kupata elimu kwa lugha rasmi aitakayo pale inapowezekana, na kinataka dola izingatie ulazima wa kurekebisha athari za sheria za kibaguzi.

Kifungu hicho kimepimwa mahakamani. Mwaka 2007, wanafunzi 113 wa darasa la nane mjini Ermelo walikosa nafasi ya kusoma kwa Kiingereza, huku shule iliyofundisha kwa Kiafrikana pekee ikiwa na nafasi. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilibaini kwamba maofisa wa elimu walikosea utaratibu wa kuingilia kati. Hata hivyo, iliiagiza bodi ya shule kuipitia upya sera yake ya lugha, kwa kuwa shule ya umma ni mali ya jamii nzima. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliacha uamuzi wa Chuo Kikuu cha Free State wa kuondoa Kiafrikana usimame, baada ya madarasa ya lugha mbili kugeuka kuwa madarasa ya rangi mbili. Mwaka 2021, kinyume chake, iliona kwamba UNISA ilikiondoa Kiafrikana bila kufuata Katiba. Mahakama, basi, haipingi lugha yoyote. Inapinga lugha kutumika kama kizuizi. Sheria mpya ya elimu ya mwaka 2024 imeipa serikali uwezo zaidi wa kusimamia sera za lugha za shule.

Changamoto

Changamoto ya kwanza ni daraja la darasa la nne. Kwa miongo kadhaa, watoto wengi Weusi wamekuwa wakihamia Kiingereza wakati huo. Upimaji wa kimataifa wa usomaji wa mwaka 2021, uliofanywa kwa lugha zote 11, ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanafunzi wa darasa hilo hawakuweza kusoma kwa ufahamu. Uviko, umaskini na uhaba wa vitabu vilichangia. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba wengi huvushwa kabla ya kuimarika katika lugha yoyote.

Changamoto ya pili ni mtihani. Katika sensa ya mwaka 2022, wanaozungumza Kiafrikana nyumbani walikuwa asilimia 10.6, na Kiingereza asilimia 8.7. Hawa si Wazungu pekee, kwani wasemaji wengi wa Kiafrikana ni Machotara. Lakini wao ndio wanaoweza kusoma kwa lugha yao tangu darasa la kwanza hadi mtihani wa kumaliza sekondari. Wasemaji wa Kizulu, walio asilimia 24.4, hawana fursa hiyo.

Changamoto ya tatu ni kumbukumbu. Mpango wa kufundisha kwa lugha mbili kuanzia darasa la nne, uliozinduliwa mwaka 2025, unakutana na wazazi wanaokumbuka Elimu ya Kibantu. Hofu yao si ujinga, ina historia.

Hitimisho

Wazazi hawataridhishwa na hotuba kuhusu thamani ya utamaduni. Wataridhika watakapoona mtihani, vitabu vya sayansi na ajira vikipatikana kwa lugha zao, bila watoto kunyimwa Kiingereza. Kwa hiyo, mitihani ya lugha mbili inapaswa kwenda sambamba na ufundishaji wa lugha mbili, badala ya kuahirishwa.

Somo hili linazihusu pia nchi za Afrika Mashariki. Tanzania hufundisha shule za msingi za umma kwa Kiswahili, kisha huwahamishia wanafunzi kwenye Kiingereza sekondari, na mtoto wa familia yenye uwezo huvuka kwa urahisi kuliko mwenzake. Kizuizi kisichotaja rangi wala tabaka bado ni kizuizi, na huwaumiza zaidi wale waliokuwa nyuma tangu mwanzo.